Mwalimu Aliyekataa Kusema

Asubuhi ya leo nataka mkae kidogo na mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa nyanda za juu, huko kwenye baridi na mahindi marefu. Sitawasimulia kwa upole, wapendwa. Nimepanda hapa mimbarini nikiwa na hasira, na mtaniwia radhi kama itaonekana.

Mwalimu Mgaya alikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na kazi yake yote ilikuwa mdomo wake. Akisimama mstarini asubuhi, watoto mia saba walinyamaza kabla hajatamka kitu. Kipaza sauti hakukijua. Kukiwa na msiba, familia zilimfuata nyumbani zikimwomba aje asome wasifu wa marehemu, kwa sababu jina la mtu likipita kinywani mwake, hata waliokuwa wakinong'ona nyuma ya turubai waligeuka kusikiliza. Alipostaafu alikuwa amekwisha kufiwa na mkewe, kwa hiyo akahamia mjini kwa binti yake wa pekee, Twilumba.

Mwaka wa pili wa kustaafu akapata kiharusi. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu aende kanisani. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukafuata, na alipotaka kumwita binti yake ikatoka sauti kama ya mtu anayesukutua. Akalazwa wiki tano. Mguu ukarudi kiasi cha kutembea na mkongojo, mkono ukarudi nusu. Mdomo ndio uliogoma.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana wengi wetu hatulijui hili. Akili ya mzee huyu haikuguswa. Alijua mlango ni mlango. Alikumbuka wanafunzi wake kwa majina ya ukoo na madawati waliyokalia. Alisikia kila kilichosemwa chumbani, hata kile watu walichokisema wakidhani haelewi. Neno lilikaa ndani yake likiwa zima kabisa, lakini likifika kwenye ulimi lilivunjika, au likageuka neno jingine. Umewahi kuota unaita watu na sauti haitoki? Yeye aliishi humo mchana kweupe, macho yake yakiwa wazi.

Hospitali kulikuwa na dada mmoja mtaalamu wa kuwafundisha watu kusema upya. Akampa kadi za picha, kikombe, kuku, kitanda, kijiko, na akamweleza Twilumba mbele ya baba yake namna ya kuzitumia. Kila siku mtu mmoja wa nyumbani akae naye nusu saa. Asimharakishe. Asimmalizie neno. Na zaidi ya yote asimtie haya, kwa sababu mgonjwa wa namna hii akishaona haya, alisema, anaufunga mdomo mwenyewe, na hakuna dawa ya kuufungua.

Twilumba akakubali, na alikubali kwa moyo. Sitaki mumfikirie mwanamke huyu kuwa mtu mbaya, maana mkimfanya mbaya mtapata pa kujificha. Kwa wiki mbili alikaa na baba yake kila asubuhi baada ya chai. Siku mzee alipofanikiwa kutamka "maji", binti alikwenda jikoni akaleta maji kwenye glasi, juu ya sinia, akapiga magoti kumpa. Mzee hakuwa na kiu. Aliyanywa yote. Siku nyingine akaanza kulitafuta jina la binti yake, akafika "Twi", akakwama hapo, na wote wawili wakalia kidogo. Ilikuwa nyumba nzuri, jamani. Nyumba ya kuonewa wivu.

Lakini Twilumba naye alikuwa msemaji. Kipaji alikirithi kwa baba yake, ambaye ndiye aliyemsimamisha juu ya kiti akiwa na miaka sita na kumfundisha kusema hadi mtu wa dawati la mwisho asikie. Sasa alikuwa anaalikwa makanisani, kwenye semina za akina mama, kwenye kumbi kubwa, na siku ambazo hakualikwa alizungumza kwenye simu yake, na huko mtandaoni maelfu walimfuata. Mada yake aliyoipenda ilikuwa familia. Namna ya kusikilizana ndani ya nyumba. Namna ya kuwatunza wazazi.

Asubuhi moja wakafika kwenye kadi ya kijiko. Twilumba akamwekea mzee kijiko chenyewe mkononi ili kumrahisishia. Mwalimu akakitazama, akajiweka sawa kitini, akakusanya nguvu zote, na kwa sauti ile ile ya mstarini, sauti ambayo haikuwa imesikika tangu augue, akasema: "Kiboko."

Alijua papo hapo kuwa sicho. Akakiinua tena kile kijiko, akakaza uso. "Kiboko." Mara ya tatu, kwa ukali. "Kiboko."

Binti akaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akacheka mpaka machozi, maana miaka thelathini na moja ya ualimu mkuu ilikuwa imemrudia kwa neno moja. Kicheko kile hakikuwa na ubaya. Kilikuwa cha watu wawili wanaopendana. Kisha Mwalimu akafuta macho, na alipoyafungua akaona simu ya binti yake imesimamishwa nyuma ya chupa ya chai, ikimtazama.

Akatikisa mkono wake mzima. Hapana.

"Ni kumbukumbu yetu tu, Baba," Twilumba akasema. "Haiendi popote."

Ikaenda. Mchana ule ule ikaenda, ikiwa na maneno mazuri chini yake kuhusu upendo na uvumilivu. Kufikia Jumapili ilikuwa imetazamwa na watu laki nne. Halafu watu wakafanya yale mnayoyajua. Yale maneno mazuri ya chini wakayatupa, wakabakiza mzee na kijiko. Mmoja akatia ngoma. Mwingine akakata uso wa mzee akaufanya stika ya kumtumia mtu aliyechelewa kazini. Wengine wakaiweka iwe mlio wa simu, ikiita inasema kiboko, kiboko, kiboko.

Mzee alijuaje? Hakuwa na simu. Alijulia njiani akienda kliniki. Vijana wa bodaboda kwenye kona walipomwona, mmoja akaita "Kiboko!" na wengine wakaitikia. Hakuelewa. Akafikiri wamemfananisha. Kliniki kwenye benchi akakutana na mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne, na mama yule kwa furaha ya kweli akamshika mkono, akamwambia amewachekesha sana wiki ile, yeye na ofisi yake nzima. Akatoa simu kumwonyesha.

Hivyo ndivyo Mwalimu Mgaya alivyojiona kwa mara ya kwanza tangu augue. Aliona mdomo wake umekwenda upande. Aliona mate ambayo hakujua kuwa yanatoka. Akaona wanafunzi wake, watu wazima sasa, wameandika majina yao chini ya aibu yake na kuweka vikaragosi vya kucheka. Majina mengi aliyajua. Alikuwa amewafundisha kuyaandika.

Akamrudishia yule mama simu yake, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Angefanya nini zaidi?

Siku ya pili yake alikaa dirishani tangu chai mpaka karibu na chakula cha mchana akitafuta neno moja. Twilumba alipopita na kikapu cha nguo, mzee akamshika mkono. Mishipa ya shingo ikamsimama. Akasema, "Fu." Akapumzika. "Futa."

Fikirini kazi aliyoifanya mtu yule kulipata neno lile. Siku nyingine wangelishangilia. Twilumba alilisikia, tena alilielewa. Akakaa chini, akaanza kumweleza. Akasema wapo watu wengine wenye wagonjwa wa kiharusi waliomwandikia kumshukuru. Akasema wanaocheka ni wachache, wajinga hawakosekani. Akasema, "Baba, unagusa watu. Hujui tu unavyogusa watu." Alisema kwa dakika kumi, na alisema vizuri sana, kama anavyosema siku zote. Kisha akanyanyua kikapu chake akaenda kuanika nguo, na video haikufutwa.

Mnamwona huyu? Baba yake alikuwa na neno moja, yeye alikuwa na elfu. Na aliyeshinda ni nani?

Tangu hapo mazoezi hayakuwa mazoezi tena. Kila asubuhi simu ilitangulia kuwekwa, taa ikasogezwa, kola ya mzee ikanyooshwa. Kadi zikaachwa. Kilichotakiwa kilikuwa kijiko. Twilumba alimwekea mkononi na kumtazama kwa upendo akingojea, na mzee alikishika na kufunga mdomo.

Mwezi uliofuata kulikuwa na semina kubwa ya familia kwenye ukumbi wa mjini, na mzungumzaji mkuu alikuwa Twilumba. Mada ilikuwa heshima kwa wazazi. Akampeleka baba yake. Alimvisha suti yake ya kustaafia, akamketisha mstari wa mbele kabisa. Na niwaambie, mzee alifurahi kwenda. Alipenda kumsikia binti yake akisema. Kwa robo saa ya kwanza alisahau ugonjwa. Alimsikiliza kama mwalimu anavyosikiliza, akihesabu moyoni mahali anapopumua, akiona fahari anapoinua sauti mahali panapostahili.

Kisha taa zikapunguzwa. Kwenye skrini, ukubwa wa ukuta, akatokea yeye na kijiko.

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi, kisha Twilumba akashuka jukwaani, akamshika baba yake kwapani, akampandisha juu taratibu huku watu wamesimama. Akamwekea kipaza sauti kwenye mkono mzima. Akawaambia watu kuwa baba yake alimfundisha kusema, na leo anataka naye aseme neno. "Neno moja tu, Baba. Lolote."

Watu mia nane walinyamaza. Mwalimu Mgaya aliujua unyamavu ule. Alikuwa ameishi ndani yake miaka thelathini na moja. Na neno alikuwa nalo. Lilikuwa jina la binti yake, zima, na sehemu yake ya kwanza alikwisha kuizoea. Akasogeza kipaza sauti. Midomo ikaanza kutafuta. "Twi," akasema. Akavuta pumzi.

Kutoka nyuma ya ukumbi mtu mmoja akaita, "Kiboko!"

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Mzee angelibeba hilo, maana kejeli za vijana wa bodaboda alikwisha kuzibeba. Lakini binti yake alikuwa amesimama kando yake akiwa na kipaza sauti chake mwenyewe, na yeye pia kicheko kilimtoka. Kifupi tu, akakizuia haraka. Spika zote zikakitoa.

Mwalimu akainamia meza ndogo ya pale jukwaani, akakilaza kipaza sauti chake taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akageuka kuzitafuta ngazi.

Hakusema tena. Si siku ile, si wiki ile. Siku arobaini zilipita. "Maji" likapotea, "Twi" likapotea. Twilumba akaogopa kwamba kiharusi kimerudi, akamkimbiza hospitali. Yule dada mtaalamu akampima mzee ulimi na koo, akakaa naye peke yake kwa muda, kisha akamwita binti nje kwenye korido.

"Mdomo wake ni mzima kuliko mwezi uliopita," akamwambia. "Mwalimu hajashindwa kusema. Amekataa."

Twilumba alilia pale pale ukutani. Nawaambia alilia kweli. Alilia njia nzima ya kurudi, na siku iliyofuata alishinda chumbani kwake bila kula. Kesho yake asubuhi akatoka akiwa amevaa kitenge tu na kilemba cha nyumbani, akaenda sebuleni alikokaa baba yake, akapiga magoti kwenye sakafu, akamshika miguu.

Akaomba msamaha. Alitaja kila kitu bila kujitetea: ahadi aliyoivunja, lile "futa" alilolipuuza, ukumbi, kicheko chake. Akasema alimgeuza baba yake kuwa maonyesho. Machozi yalidondokea ndara za mzee. Na moyo wa mzee ukaanza kulegea, kwa sababu ni baba, na huyu ndiye mtoto pekee aliyenaye duniani. Mkono wake mzima ukainuka kwenda kichwani kwa binti, kumbariki. Alipoinamisha uso kumtazama, jicho lake likapita juu ya bega la binti yake, likafika kwenye kabati la vyombo.

Simu ilikuwa pale, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

Mkono ukasimama hewani. Mzee akanyoosha kidole kuelekea kabatini. Midomo ikatafuta, na safari hii haikupotea njia.

"Na hii?"

Ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya siku arobaini na mbili. Yalitoka safi, kila herufi mahali pake. Twilumba aligeuka, akaiona simu aliyoiweka mwenyewe, akanyoosha mkono kuizima.

Wiki ile mzee aliondoka. Dada yake mkubwa alikuja kumchukua akampeleka kijijini, na huko anakaa naye jikoni wakichambua maharage. Yule bibi ni mzito wa masikio kidogo, hivyo hana haraka. Mdogo wake akikwama anaendelea kuchambua, anangoja. Maneno yamerudi mengi. Juzi juzi mzee amemkemea mtu aliyefungulia mbuzi wake shambani, na ilikuwa sentensi kamili.

Na Twilumba? Mnataka niseme kwamba alivunja simu akaenda kijijini kwa miguu akilia. Sisemi. Alizima simu, aliona aibu, hakupanda jukwaani kama mwezi mmoja. Kisha akaalikwa mahali, akaenda. Ukumbi ulijaa. Waliojaa ni akina nani?

Mzee huyu nimemtunga mimi. Msiende kumtafuta, hamtampata, wala binti yake. Lakini mbona nimeona vichwa vikiinama hapa mbele? Mbona kuna mtu katikati ya hadithi aliingiza mkono mfukoni kugusa simu yake, kama mtu anayekagua kama amefunga mlango?

Ninyi mnawachukia waliocheka ukumbini. Na mimi nawauliza, je, sisi hatujacheka? Mlevi aliyeanguka mtaroni, tulimrekodi tukamtuma kwenye simu. Binti aliyezimia kwenye msiba wa mama yake, tulimtuma, na tukaandika chini "jamani huruma". Bwana harusi aliyesahau kiapo kwa hofu, bibi aliyeshindwa kutaja jina la benki, mtoto mwenye kigugumizi aliyesimamishwa asome somo hapa hapa, kwenye mimbari hii, Jumapili ya watoto. Yule mtoto mnamkumbuka? Yule sikumtunga. Nilitumiwa video yake jioni ile ile, na watu watatu wa kanisa hili. Na mimi mchungaji wenu, kabla sijakumbuka mimi ni nani, nilitabasamu. Hajasimama hapa tena. Mama yake ananiambia hata nyumbani sasa anaonyesha kwa kidole.

Ndiyo maana nina hasira. Nina hasira na ninyi, na nimeanza na nafsi yangu. Tumejifunza kusema mbele za watu, kushuhudia, kuomba kwa maneno marefu, kutoa nasaha za ndoa kwenye makundi ya simu saa zote, na ndani ya nyumba zetu kuna watu wanaotafuta neno moja tangu asubuhi na hakuna wa kulingoja. Hata toba tumeanza kuifanya kwa kuangalia kama inaonekana vizuri. Tunapiga magoti tukiwa tumechagua upande wenye mwanga. Mnadhani Mungu atasema nini akitazama juu ya bega letu?

Sitawaombea sasa hivi. Sitaki mtoke hapa mmepoa. Wewe uliyekaa kule nyuma, karibu na nguzo, unayenirekodi tangu nianze, zima. Wengine wote, ukifika nyumbani mtafute yule ambaye huwa unammalizia maneno, ukae mbele yake mikono mitupu, na usiondoke hapo mpaka amalize yeye mwenyewe, hata kama chakula kitapoa.